Betri Ikae Upande Gani wa Waya?

Mhadhara uliotolewa jioni katika ukumbi wa jamii, Kaloleni, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, hamjambo. Nashukuru kuona viti vimejaa. Nashukuru zaidi kuona taa zinawaka, kwa sababu mara ya mwisho nilipoalikwa kuzungumzia stima nilimalizia kwa tochi ya simu. (Kicheko.)

Nianze na asubuhi moja. Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu kasoro dakika nne. Hapa Burma wenye bucha wamewasha misumeno, Kamukunji mafundi wa jua kali wamewasha mashine za kuchomelea. Kule kwenye kituo cha umeme cha Suswa, Bonde la Ufa, laini inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ikajikata. Ilikuwa imebeba megawati 288. Kabla hujamaliza kusema "ala!", laini ya kutoka Ethiopia, ambayo nayo huingilia Suswa hapo hapo, ikatoka pia ikiwa na megawati 200. Jumla 488. Hesabu hiyo si yangu, ni ya taarifa ya wizara iliyotolewa siku ile ile. Ni zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukizalishwa nchini saa hiyo. Sehemu kubwa ya Kenya ikazimika, na misumeno ya Burma ikasimama katikati ya mfupa.

Nimeichagua asubuhi hiyo kwa sababu ina jibu la swali ambalo watu wengi hawaliulizi. Siku hizi kila mtu anasema tununue betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa nchi. KenGen, kampuni yetu kubwa ya kuzalisha umeme, imekwisha kutangaza nia ya kujenga betri ya megawati 100. Gazetini utasoma ukubwa wake na gharama yake. Mimi leo nataka tuulize itakaa wapi, na italipwa kwa kazi ya saa ngapi.

Lakini kwanza tuone nini hutokea stima inapokwenda.

Fikirieni mkokoteni unaopanda kutoka Gikomba ukiwa na magunia ya viazi. Wanaume watano wanasukuma, na mkokoteni unakwenda kwa mwendo mmoja. Gridi yetu, yaani mtandao wote wa umeme wa nchi, ni hivyo. Wasukumaji ni mitambo ya mvuke wa ardhini ya Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo, jua, dizeli. Magunia ni sisi: pasi, friji, viwanda vya Industrial Area. Mwendo wa mkokoteni ni yale mapigo 50 kwa sekunde ambayo wahandisi huyaita frikwensi. Yakipungua, maana yake magunia yamewashinda wasukumaji. Yakizidi, wasukumaji wamewashinda magunia. Chumbani kwa waendeshaji pale Juja Road, ng'ambo tu ya hapa tulipo, watu huangalia namba hiyo usiku na mchana kama muuguzi anavyoangalia joto la mgonjwa.

Sasa msukumaji mmoja ateleze ghafla. Mkokoteni hausimami papo hapo, kwa sababu ni mzito na ulikuwa umeshika mwendo. Uzito huo unawapa waliobaki nafasi ndogo ya kukaza misuli. Mitambo mikubwa inayozunguka, ya mvuke na ya maji, ndiyo yenye uzito huo. Paneli za jua hazizunguki. Mashine za upepo za kisasa huzunguka, lakini mzunguko wake umetenganishwa na gridi kwa vifaa vya elektroniki, hivyo uzito wake haufiki kwenye mkokoteni. Kadiri tunavyoongeza upepo na jua, mkokoteni unazidi kuwa mwepesi. Ni jambo jema kwa mapafu yetu na kwa mfuko wa dizeli, ila mkokoteni mwepesi hupoteza mwendo haraka.

Na waliobaki nao wana mipaka. Ukiwabebesha kupita kiasi, kila mtambo una mlinzi wake anayeukata ili usiharibike. Mmoja akijitoa, waliobaki wanazidiwa zaidi, na mwingine anajitoa. Mnakumbuka tumbili wa Gitaru? Juni 2016 alipanda paa la kituo cha umeme, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata, mitambo mingine ya pale ikazidiwa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona. Nchi ndiyo iliyozimia. (Kicheko.)

Huo muda mfupi kati ya kuteleza kwa wa kwanza na kujitoa kwa wa pili huhesabiwa kwa sekunde, wakati mwingine chini ya sekunde. Mtambo wa dizeli unahitaji dakika kadhaa ili uwake na kushika kasi. Maji ya bwawa ni ya haraka zaidi, lakini hata hayo lazima lango lifunguke na gurudumu liongeze nguvu. Betri haina cha kuzungusha. Ina seli ndani ya kontena, na ina inveta inayobadilisha umeme wake ufanane na wa gridi. Inveta ikiona mapigo yanashuka, inasukuma ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Yeye ni mtu anayetembea kando ya mkokoteni mikono mitupu, akingoja ateleze mtu.

Waliotuonyesha hili kwa ukubwa ni watu wa Australia Kusini. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme, na jimbo zima likazimika. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye walikuwa na betri pale Hornsdale: megawati 100, megawati-saa 129, wakati huo kubwa kuliko zote za lithiamu duniani. Wiki mbili baada ya kuzinduliwa, mtambo wa makaa wa Loy Yang, katika jimbo jingine kabisa, ukaanguka na megawati 560. Betri ikasukuma megawati saba hivi kabla ya mitambo mingine hata kuamka. Saba tu! Najua kuna watakaocheka. Mimi nilipoisoma habari hiyo niliinuka kitini, kwa sababu nimetumia maisha yangu kungoja mitambo iamke.

Nimetaja namba mbili hapo, megawati na megawati-saa, na nisipozifafanua tutapotezana njiani. Bahati nzuri sisi wa Nairobi tuna mwalimu: mgao wa maji. Juu ya nyumba una tangi. Tangi ni la lita ngapi? Hizo ni megawati-saa. Bomba linalotoka kwenye tangi ni pana kiasi gani? Hizo ni megawati. Mtu anaweza kuwa na tangi kubwa lenye bomba jembamba: ataoga siku tatu, lakini kwa matone. Mwingine ana tangi dogo lenye bomba pana: maji yanakuja kwa kishindo, na baada ya saa moja yameisha. Hornsdale ilikuwa ya bomba pana na tangi dogo. Mtu akikuambia "betri ya megawati 100" akanyamaza hapo, amekuonyesha bomba akakuficha tangi. Muulize.

Kwa hiyo betri hufanya kazi mbili zisizofanana. Kuna kazi ya sekunde, ndiyo ile ya mkokoteni. Halafu kuna kazi ya saa, na hiyo ndiyo inayogusa tokeni mnazonunulia stima.

Mahitaji yetu ya juu kabisa yamepita megawati 2,300. Hiyo ni jioni, tangu saa moja hadi saa nne usiku: taa, televisheni, pasi za shule, chapati. Usiku wa manane yanashuka hadi karibu nusu ya hapo. Sasa angalieni vichekesho vya nchi hii. Mvuke wa Olkaria haujui saa. Unatoka ardhini saa moja jioni na saa tisa usiku kwa nguvu ile ile. Upepo wa Turkana nao hupenda kuvuma usiku mwingi mpaka alfajiri, wakati ninyi mmelala. Kuna mitambo 365 kule Loiyangalani, mmoja kwa kila siku ya mwaka, jumla megawati 310, na saa yake nzuri ndiyo saa yetu ya usingizi. Kwa hiyo usiku mvuke unaachiliwa hewani, na mashine za upepo zinaambiwa zipunguze. Kesho yake jioni tunawasha mitambo ya dizeli ya Kipevu, Mombasa, na ya Thika.

Hatukosi umeme, basi. Tunaukosa saa ya chakula cha jioni.

Tupige hesabu, ya mfano tu. Chukua betri ya megawati 100 inayoweza kutoa kwa saa nne, yaani megawati-saa 400. Betri hairudishi yote uliyoipa. Katika kila mia, kama kumi na tano hivi hupotea kwenye joto, kwenye inveta na kwenye feni za kupoza. Ili upate 400 jioni, usiku uliopita ulipaswa kuingiza kama 470. Ukiziingiza kwa saa sita za usiku mnene, ni kama megawati 78 muda wote huo. Wanaoijua Olkaria wataniambia hizo si nyingi. Nami nasema hivyo hivyo. Tungekuwa tunaukamata mvuke tuliokwisha kuuchimba na kuulipia, tukauhamisha kutoka saa nane ya usiku hadi saa mbili ya jioni.

Wenzetu wameshaanza. Malawi, nchi yenye gridi ndogo kuliko yetu, imeweka betri ya megawati 5 pamoja na umeme wa jua pale Golomoti tangu 2022. Afrika Kusini, pale Kenhardt, wana paneli za megawati 540 na betri ya megawati-saa 1,140, na mkataba wao ni kutoa megawati 150 tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu u nusu usiku. Jua linalofanya kazi usiku!

Na bei imeanguka. Mwaka 2010 pakiti ya betri za lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Bei hiyo ni ya pakiti peke yake, bila inveta, nyaya, uwanja wala riba, na riba ndiyo hutumaliza sisi Waafrika. Lakini mteremko ni mkali.

Sasa turudi Suswa.

Kuna mawazo mazuri yanayosema betri ijengwe pale pale upepo ulipo, Loiyangalani, au Garissa kwenye paneli za megawati 50. Yana sababu. Betri iliyo jirani na upepo inaulainisha upepo kabla haujaingia kwenye waya. Laini inaweza kuwa nyembamba kidogo. Ardhi ipo. Na mwenye mradi anaweza kuijenga mwenyewe bila kungoja serikali, jambo ambalo kwa Kenya si dogo: mnakumbuka mashine za Turkana zilisimama zikingoja laini ikamilike mpaka Septemba 2018, nasi tukalipa faini kwa upepo usio na waya.

Lakini irudieni asubuhi ya tarehe 6. Kilichokatika ni laini. Kama betri ingekuwa Loiyangalani, ingekuwa imejaa pomoni, timamu kabisa, kilomita zaidi ya 400 kutoka kwa wenye shida, upande usiofaa wa waya. Ingetazama Nairobi ikizimika kama ndugu aliyekwama ng'ambo ya mto uliofurika.

Ndiyo maana nasema betri ya kwanza ikae upande wa walaji. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaouzwa nchini huuzwa eneo la Nairobi. Ningekuwa na kauli, ningeiweka Isinya, kule Kajiado. Pale panapita laini ya kilovolti 400 kutoka Suswa, kuna laini ya Mombasa, na tangu mwisho wa 2024 kuna ile inayotuunganisha na Tanzania hadi Singida. Ya pili ningeipeleka upande wa Kisumu, kwa sababu magharibi ya nchi iko mwisho wa nyaya na kila kikohozi kinawafikia wao kwanza.

Sitaki kuwadanganya kwamba betri ya megawati 100 ingezuia yote ya siku ile. Mia haizibi 488. Ila ingepunguza kasi ya kuanguka, na vile vifaa vinavyokata mitaa michache ili kuokoa mingine vingepata nafasi ya kufanya kazi yake. Lavington kwa matajiri ingezimika dakika ishirini, Kaloleni pia, halafu turudi. (Sauti: "Waanze na Lavington!") Umesikika, mzee wangu. Na hata pale ambapo gridi yote imekufa, betri yenye inveta za aina inayoweza kuanzisha mapigo yenyewe inaweza kuamsha mitambo mingine kutoka gizani, badala ya kungoja bwawa moja liwashe lingine hatua kwa hatua hadi usiku.

Kujiunga na majirani kunatufanya tuhitaji jambo hili zaidi. Tulianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia mwishoni mwa 2022, kwa laini yenye uwezo wa 2,000. Ni umeme mzuri wa maji na bei yake si mbaya. Lakini megawati 200 zikikatika saa nane usiku, nchi ikiwa inatumia kama 1,200, umepoteza moja ya sita kwa pigo moja. Watu huogopa saa ya jioni. Mimi saa ya kutisha kwangu ni ile ambayo mzigo ni mdogo na umeutegemeza kwenye nyaya mbili.

Nije kwenye moto, maana nimeona mama pale mbele amenyoosha mkono mara mbili.

Ni kweli, zinaweza kuungua. Januari 2025, pale Moss Landing, California, jengo lililojaa betri liliwaka na watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Seli moja ikipata joto kupita kiasi huwasha jirani yake, na ule moto hauhitaji hewa ya nje ili uendelee. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kuhubiriwa juu ya hatari iliyowekwa karibu na nyumba. Moto wa bomba la mafuta pale Sinai, Septemba 2011, tunaukumbuka. Mlipuko wa gesi wa Embakasi, Februari 2024, tunaukumbuka. Kwa hiyo niliposema "upande wa walaji" sikusema nyuma ya shule. Isinya kuna nafasi. Kontena zikae nje, zikiwa na umbali kati yao, moja ikiungua iungue peke yake. Moss Landing walizipanga ndani ya jengo moja. Na aina ya kemia ina maana: seli za lithiamu na fosfeti ya chuma ni ngumu zaidi kuwaka kuliko zile zenye nikeli na kobalti, na kwa mtambo ambao hauendi popote uzito wake wa ziada si hoja.

Lakini nikuambie, mama, kinachoninyima usingizi kuliko moto ni uzembe. Kila sabsteshoni, yaani kituo cha kugawia umeme, hata ndogo, ina chumba cha betri za risasi na asidi. Zinaendesha breka, yaani swichi kubwa za kukata umeme, hata stima yenyewe ikiwa imepotea. Nilipokuwa kijana, kazi yangu Jumatatu ilikuwa kuongeza maji safi kwenye seli na kuandika vipimo kwenye kitabu. Nilihamishwa. Aliyekuja baada yangu hakupewa hayo maji, na vipimo viliendelea kuandikwa, vizuri sana, kila Jumatatu. Usiku mmoja wa mvua waya ukaanguka, breka ikaagizwa ikate, betri ikawa imekufa zamani. Transfoma iliungua mpaka asubuhi. Kitabu kilikuwa safi kabisa. Ndiyo maana nikisikia mkataba wa betri, sitafuti kwanza bei. Natafuta nani atapima seli mwaka wa nane, nani ataona vipimo, na mwenye betri atalipwa nini zikipungua uwezo.

Swali limeulizwa pale: tokeni zitashuka? Angalia mchanganuo wa gharama za tokeni zako. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Huo ndio dizeli ya jioni. Betri ikichukua nafasi ya dizeli, mstari huo unapungua. Lakini shuka chini, kuna mstari wa mabadiliko ya fedha za kigeni. Betri itanunuliwa kwa dola, kwa mkopo wa dola. Huo nao unaweza kupanda. Usimpigie makofi mtu anayekusomea mstari mmoja tu. Na kama mkataba utasema mwenye betri alipwe afanye asifanye, tumejenga Kipevu nyingine isiyo na moshi. Mimi ningemlipa kwa kuwa tayari zile sekunde za hatari, na kwa megawati-saa alizotoa kati ya saa moja na saa nne usiku. Akizitoa saa tano asubuhi, asante, lakini bei iwe nyingine.

La mwisho, kijana wa bodaboda. Anauliza: hizi betri za pikipiki za stima tunazobadilisha kila siku, haziwezi kusaidia gridi?

Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Betri yako ina kama kilowati-saa tatu hivi. Ili ufikie megawati-saa 100 unahitaji za pikipiki elfu thelathini na tatu. Si ndoto tena kwa mji huu. Lakini kuzifanya zirudishe umeme kwenye gridi ni kazi ngumu na itazizeesha. Cha rahisi ni saa ya kuchaji. Mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya vyombo vya usafiri vya stima: shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 usiku watu wakilala. Mwenye kituo cha kubadilishia betri akichaji zote saa saba usiku, analipa nusu, na anatumia ule mvuke unaomwagwa. Akichaji saa moja jioni, anawasha dizeli bila kujua. Mwambie mwenye kituo chako aache kuchaji saa moja jioni.

(Kijana: "Mhandisi, saa moja ndiyo saa yetu ya wateja!")

Ndiyo, mwanangu. Hata Kipevu husema hivyo hivyo.